Sahani Hairudi Tupu

(Hotuba iliyotolewa jioni ya sherehe za kumbukumbu ya hekalu letu, Tabora)

   

Kamati ya sherehe iliniomba niseme machache juu ya historia ya jumuiya yetu katika mji huu. Niliipokea kazi hiyo kwa heshima, kisha nikakaa nayo wiki tatu bila kuandika neno. Elimu yangu iliishia sekondari. Iliyobaki niliipata nyuma ya kaunta ya duka la baba yangu, na huko hakufundishwi kuandika historia. Mwishowe nikaamua kusimulia kile tu nilichokibeba kwa mikono yangu miwili tangu nikiwa na umri wa miaka sita, nacho ni sahani ya Diwali.

Wazee waliopo hapa wanaikumbuka. Kwa vijana nitaieleza. Ilikuwa sahani ya chuma cha pua, imechorwa jina la ukoo wetu upande wa chini kwa msumari wa fundi, ili isipotee. Juu yake mama alipanga nankhatai sita, vipande vinne vya magas, ghughra mbili, mathiya zilizokunjwa, na gao moja la chevdo pembeni. Kisha akaifunika kwa kitambaa cheupe alichokidarizi mwenyewe. Nilitumwa nayo nyumba kumi na moja, na nyumba tatu tu kati ya hizo zilikuwa za Wahindi. Amri zilikuwa mbili. Ya kwanza: usikimbie. Ya pili: usingojee sahani, itarudi yenyewe.

Ikarudi kweli, baada ya siku mbili au tatu, na kamwe haikurudi tupu. Nyumba moja iliweka karanga mbichi. Nyingine iliweka kikombe cha asali ya miombo, nyeusi, yenye harufu ya moshi wa warina asali. Kama Diwali ilichelewa hadi Novemba, ziliwekwa embe za kwanza. Baba alikuwa akitania kwamba hesabu za sahani ndizo pekee ambazo hakuzifungua wala kuzifunga siku ya chopda pujan, tunapoviombea baraka vitabu vya biashara, kwa sababu hakuna aliyejua nani anamdai nani.

Nianze mbali kidogo, kwa kuwa niliahidi historia. Mji huu ulipokuwa bado ukiitwa Kazeh, Burton na Speke waliufikia tarehe 7 Novemba 1857, baada ya safari ya miguu ya zaidi ya miezi minne kutoka pwani. Burton hakuwa mwepesi wa kumsifu mtu, lakini ukarimu aliopewa na Waarabu wa Kazeh aliusifu kwa moyo mweupe. Na kati ya wakubwa wa mji siku zile alikuwapo mtu aliyejulikana kwa jina la Musa Mzuri. Speke aliporudi mwaka 1861 alifikia nyumbani kwake. Musa Mzuri alikuwa mzaliwa wa Surat, katika Gujarat; Khoja, yaani Mwislamu. Basi ndugu zangu Wahindu, Mgujarati wa kwanza tunayemjua kwa jina katika mji huu hakuwa mtu wa hekaluni, alikuwa mtu wa msikitini. Nalisema hili mapema kwa sababu linahusu sahani yangu.

Wala msidhani nasimulia ili kujisifu. Msafara uliopanda bara na shanga, vitambaa na nyaya za shaba ulirudi pwani na pembe za ndovu, na pamoja na pembe walikuwapo watu waliofungwa. Sehemu kubwa ya mikopo iliyoendesha misafara ile ilitoka kwa wafanyabiashara wa Kihindi wa Unguja na Bagamoyo, na wakubwa kati yao, kama Ladha Damji wa Kutch, aliyesimamia forodha ya Sultani, walikuwa Wahindu wenzetu. Hiyo nayo ni historia yetu. Mtu akisherehekea kumbukumbu hana budi kuyakumbuka yote.

Nimemtaja Musa Mzuri pia kwa sababu ya Surat. Inasimuliwa huko kwamba nankhatai ilizaliwa katika mji huo, katika kiwanda cha mikate kilichoachwa na Waholanzi waliokuwa na ghala lao la biashara pale, na mwokaji wa Kiparsi akaigeuza mikate yao mikavu kuwa kitu cha samli na sukari. Sijui kama Musa alipata kuionja. Lakini najua kwamba biskuti hiyo ilivuka bahari, ikaingia Unguja na Mombasa, na leo huko akina mama wa Kiswahili wanaioka kwa Idi wala hakuna anayeiita ya Wahindi. Haina yai. Haina nyama. Ni unga wa ngano, unga kidogo wa dengu, sukari, samli na iliki. Ninyi mnaofikiri kwamba vyakula vya dini mbalimbali haviwezi kukaa katika chano kimoja, ifikirieni hiyo.

Jinsi mama alivyoioka nitaeleza polepole, kwa sababu naona akina mama vijana wameshika simu na wanataka vipimo. Kikombe kimoja cha samli, kimoja cha sukari iliyosagwa laini, viwili vya unga wa ngano, nusu kikombe cha unga wa dengu, chembe ya magadi, na iliki iliyotwangwa siku ileile. Samli isiwe ya maji. Hapo ndipo Tabora inapomshinda mgeni, kwani Diwali huangukia Oktoba au Novemba, kabla mvua hazijatulia, na samli ya mchana wa Oktoba humwagika kama mafuta ya taa. Nankhatai ya samli iliyoyeyuka hutandaa katika moto, ikawa chapati. Kwa hiyo mama aliifanya kazi hiyo alfajiri. Bakuli la samli lililala ndani ya beseni lenye maji ya mtungini, na saa kumi na moja, samli ikiwa imeganda kidogo, alianza kuisugua pamoja na sukari kwa kiganja cha mkono, kwa mzunguko mmoja tu, mpaka ikageuka nyeupe na nyepesi. Ndipo unga ukaingia. Usikande, kusanya tu. Madonge ya ukubwa wa limau dogo, yabonyezwe kwa kidole gumba, na katika shimo la kidole punje ya korosho. Lozi zilikuwa za matajiri.

Hatukuwa na tanuri. Masinia yalibebwa kichwani hadi kiwanda cha mikate mjini, mkate wa asubuhi ukiisha kutoka, na mwokaji aliyaingiza katika joto lililobaki. Watoto tulisubiri nje tukinusa. Zilizovunjika zilikuwa zetu, na sitakiri mbele ya mgeni rasmi jinsi zilivyovunjika.

Sasa nifike mahali ambapo nilitaka kufika, na ambapo nimekuwa nikisita kufika kwa miaka mingi.

Sahani ilikwenda na sahani ilirudi. Lakini je, tulikula?

Jirani yetu wa upande wa pili wa barabara alikuwa mama wa Kimanyema, mjane, mwenye umri wa kumzaa mama yangu. Sote tulimwita Bi Mkubwa. Kila Idi alituletea sinia. Alijua kwamba hatuli nyama, hivyo hakuleta pilau. Alileta visheti, vitumbua, na mkate wa sinia ulionukia iliki kuliko nyumba yetu nzima. Mama aliipokea kwa mikono miwili, akamshukuru binti aliyeileta, akamwombea heri. Na binti akishavuka barabara, mama aliipeleka sinia nyuma, kwa mama wa Kinyamwezi aliyetusaidia kazi za nyumbani, ili awagawie wanawe. Haikuingia jikoni kwetu hata hatua moja. Mkate ule ulikuwa na mayai. Vitumbua vilitoka katika karai ambalo huenda jana yake lilikaangiwa samaki. Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa hai, na sheria ya jikoni ilikuwa yake.

Nilikuwa darasa la nne. Siku ya Idi ile wageni walizidi kwa Bi Mkubwa, sinia zikampungukia, akamtuma binti yake arudi kuichukua. Binti alipitia mlango wa nyuma kama mtoto wa nyumbani, kwa kuwa ndivyo alivyozoea. Aliwakuta watoto wa msaidizi wetu barazani wameizunguka sinia ya mama yake, na vitumbua vimebaki viwili. Nilikuwapo. Aliwatazama, akanitazama mimi, akasema, “Wamalize tu.” Akaenda zake mikono mitupu.

Hakuna aliyelisema jambo hilo. Bi Mkubwa aliendelea kuitikia salamu ya mama kila asubuhi, na dukani alinunua chumvi na viberiti kama kawaida. Ikaja Diwali. Nikaibeba sahani, sikukimbia, nikaipeleka, ikapokewa kwa maneno mazuri. Siku ya tatu ikarudi. Ilikuwa imeoshwa vizuri sana, imefutwa mpaka inang’aa, na juu yake kitambaa cheupe kimepigwa pasi. Mama alikifunua kitambaa. Sahani ilikuwa tupu.

Nimefanya biashara kwa miaka zaidi ya arobaini. Nimeandikiwa barua za mawakili, nimetukanwa na wadeni, nimekatiwa mkopo. Sijapata kuona barua iliyoandikwa wazi kuliko sahani ile.

Mama alikaa nayo mapajani muda mrefu. Jioni akajifunga sari yake, akajitanda kichwani, akavuka barabara. Hakuwa amewahi kuivuka kwa ajili ya matembezi. Wanawake wetu wa wakati ule walitoka kwenda hekaluni, msibani na hospitali. Nilimfuata kwa kuwa hakunikataza. Kiswahili cha mama kilikuwa cha dukani, chenye bei nyingi na maneno machache ya moyoni, na alichoweza kusema ni hiki: “Shikamoo, Bi Mkubwa. Chakula yako sisi hatukula. Miaka yote. Mayai, na karai. Mama mkwe hataki. Mimi nikaona haya kusema.”

Bi Mkubwa akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Marahaba. Kaa, mwanangu.” Mama akakaa mkekani. “Mimi nilikasirika si kwa sababu hamli. Hata sisi kuna tusivyokula, na kwako siku zote nimetazama kwanza. Nilikasirika kwa sababu ulinishukuru.”

Nilikuwa mtoto, sikulielewa neno hilo. Leo nalielewa vizuri kuliko ninavyopenda.

Kisha akauliza kilicho rahisi kabisa, ambacho nyumba mbili zilizotazamana kwa miaka mingi hazikuwahi kuulizana: mnakula nini? Mama akaorodhesha. Bi Mkubwa akasema, “Hivyo vyote ninavyo. Na chungu kipya ninacho, hakijaona moto.” Idi iliyofuata ililetwa sinia ya kashata za nazi na visheti visivyo na yai, vilivyokaangwa kwa mafuta mapya katika karai jipya. Mama alikula kisheti kimoja akiwa amesimama mlangoni, mbele ya binti yule, ili aone. Baba alikula vinne. Bibi hakula, wala hakula hadi alipofariki, nami sitamhukumu mbele ya mkutano huu. Alikuwa mtu wa zamani na alikuwa amepoteza vitu vingi, jiko lilikuwa ndicho kitu pekee alichobaki nacho. Lakini alikubali kichukuliwe kiti chake kiwekwe barazani, na Bi Mkubwa akawa anakuja kuketi naye jioni. Hawakuwa na lugha ya pamoja. Walichambua mchele.

Niseme pia, maana si haki kuwabebesha wanawake wale wawili aibu yote: hata sisi kwa sisi hatukuwa wepesi. Siku zile zilikuwapo nyumba za Kihindi katika mji huu zilizopokea sahani kutoka nyumba ya jamii nyingine ya Kihindu na kuipitisha nyuma vilevile. Tulipokuwa wengi tulikuwa na anasa ya kubaguana.

Baadaye ukatokea mwaka ambao kiwanda cha mikate hakikuwasha tanuri wakati wa Diwali, kwa kuwa unga wa ngano ulikuwa haupatikani kwa wingi. Mama alikuwa na unga wake wa akiba lakini hakuwa na moto wa kuokea. Bi Mkubwa akacheka. Akaja na sufuria lake kubwa, akamwaga ndani mchanga mkavu wa kina cha vidole viwili, juu ya mchanga akaweka sahani ya bati yenye nankhatai, akafunika, akapalia makaa juu ya kifuniko. Makaa machache chini, mengi juu. Ukigeuza hesabu hiyo, utakula mkaa. Watu wa pwani wameoka hivyo tangu zamani, na watu wa msafara walileta ujuzi huo bara pamoja na miembe. Mama, aliyeoka maisha yake yote kwa moto wa mtu mwingine, akajifunza kuoka kwa moto wake. Mpaka anafariki aliapa kwamba nankhatai ya kupalia ni bora kuliko ya tanuri, na mimi, niliyekula zote kwa wingi usiostahili, nashuhudia kwamba ni kweli. Moto wa juu huipasua usoni taratibu, ikatoa nyufa kama udongo wa mbuga unaongoja mvua.

Nisiwachoshe kwa miaka ya sabini. Nyumba zilitaifishwa mwaka 1971, familia nyingi zikafungasha. Wengine Dar es Salaam, wengine Uingereza, wengine Kanada. Kila mwaka nyumba za kupelekea sahani zilibaki zilezile, nyumba za kutokea sahani zikapungua.

Lakini miaka ya themanini nitaitaja, kwa sababu ya sukari. Vijana hamwezi kuamini. Baada ya vita vya Kagera, sukari, unga, sabuni na mafuta vilipatikana kwa foleni na kwa mgawo. Mwaka 1983 ulipoanza msako wa wahujumu uchumi, mwenye duka aliogopa hata mfuko mmoja wa sukari uliozidi nyumbani kwake, kwa kuwa nani angeamini kwamba ni wa peremende za sikukuu? Sisemi kwamba hawakuwapo waliolimbikiza bidhaa. Walikuwapo, na baadhi yao walikuwa wenzetu. Nasema tu kwamba hofu haikuchagua. Mwaka ule mama alitangaza kwamba sahani hazitatoka. Tutawasha taa, tutaimba arti, basi.

Siku nne kabla ya Diwali, magharibi, akaingia Bi Mkubwa kwa mlango wa nyuma, akitembelea mkongojo. Chini ya kanga yake alikuwa na kifurushi cha gazeti. Ndani yake mlikuwa na sukari, kama nusu kilo, ya rangi ya udongo, ya mgawo wake wa foleni. Akasema, “Fanya hata za nyumba tatu. Watoto wanauliza.” Mama aliipima kwa kikombe huku analia.

Haikutosha, ni kweli. Tukajaribu asali, kwa kuwa asali ya Tabora haikuwahi kuwa ya foleni. Hapa nawaonya wapishi: nankhatai ya asali haifai. Asali huvuta maji, hivyo biskuti haikauki, na huungua upesi kuliko sukari. Ilitoka nyeusi nje na laini ndani kama andazi lililolala. Tukageukia karanga, tukazichemsha na asali tukitumaini kupata chikki. Ilinata. Mzee mmoja wa jumuiya yetu, Mungu amrehemu, aliacha jino lake la bandia ndani yake. Lakini ziligawanywa, na sahani zikatoka, na zikarudi na chochote watu walichokuwa nacho. Moja ilirudi na kipande cha sabuni. Tangu mwaka ule asali ya panchamrut hekaluni kwetu, inayochanganywa na maziwa, mtindi, samli na sukari, hatuinunui dukani. Huletwa na majirani wenye mizinga huko miomboni, wala hatujawahi kuiomba.

Sasa nije kwa leo, ndugu Mwenyekiti, na hapa najua kwamba wapo wajumbe wa kamati wasiokubaliana nami. Wamekaa mstari wa mbele na wananitazama.

Siku hizi tunaagiza maboksi. Yanatoka Dar es Salaam kwa basi, ni mazuri, yana utepe wa dhahabu, na vitamu vilivyomo, nakiri, vimetengenezwa kwa ustadi ambao mama yangu hakuwa nao. Tunawatumia majirani kwa dereva. Nami nimefanya hivyo kwa miaka minane, kwa kuwa nina kazi, mke wangu ana magoti mabaya na watoto wetu wako mbali. Mwaka juzi nilimuuliza dereva wangu: nyumba ya Bi Mkubwa walisema nini? Wajukuu wake bado wako palepale. Akajibu, “Walisema ahsante, mzee.” Nikangoja siku tatu. Nikangoja wiki. Kisha nikajicheka, kwa kuwa boksi halirudi. Nani atarudisha boksi? Halina jina chini yake. Hutupwa, na mazungumzo huishia pale. Wao hawakukosa adabu. Mimi ndiye niliyewanyima kitu cha kurudisha.

Na neno la “ulinishukuru” likanirudia.

Basi ombi langu ni hili. Siku tatu kabla ya Diwali, kuanzia alfajiri, ua wa nyuma wa hekalu ufunguliwe, tuoke na kukaanga pamoja, na majirani wanaopenda waje na majiko yao. Najua pingamizi, nimelisikia kamatini mara mbili: jiko la hekalu ni la bhog, chakula cha kumtolea Mungu, na vyakula vya annakut siku ya Mwaka Mpya lazima vipikwe kwa usafi wa ibada. Nakubaliana na neno hilo lote. Bhog ipikwe ndani, kwanza, na wanaojua kuipika, wala asiingie mtu mwingine. Sahani za majirani zipikwe uani. Hekalu letu lina milango miwili. Sijui kwa nini tuishi kama lenye mmoja.

Pingamizi la pili ni kwamba akina mama wanaojua wamebaki wachache. Si kweli, ila tunahesabu vibaya. Mathiya zilizosifiwa katika chakula cha mchana leo, nyembamba hadi mtu aweza kusoma gazeti kupitia kwazo, zilisukumwa na mama wa Kinyamwezi ambaye ameziandaa katika nyumba za jumuiya yetu kwa miaka zaidi ya thelathini. Jina lake halimo katika orodha ya shukrani ya kitabu hiki. Nimemwomba mhariri aliingize, na amekubali. Mwalimu wetu wa mathiya tunaye. Tumwite kwa cheo hicho, na tumlipe kwa cheo hicho.

Mchango wangu ni unga, samli na mkaa wa siku zote tatu. Samli itakuwa ya Nzega, si ya kopo.

Nimemaliza. Mlangoni mtakuta sahani arobaini zimefunikwa. Mke wangu na mimi tulizioka jana na juzi kwa kupalia, kwa hiyo mtu akipata iliyoungua chini, kosa ni langu; yeye ndiye aliyepanga makaa ya juu. Nankhatai na magas hazina yai. Chevdo ina karanga, wenye matatizo ya karanga wajihadhari. Kila nyumba ichukue sahani moja. Zina jina letu upande wa chini, na nyumba yetu iko palepale ilipokuwa, mkabala na nyumba ya Bi Mkubwa, mwembe wa pili kutoka kona.